Wamaya Hawajapotea Popote. Acheni Kuwazika Wakiwa Hai

Andika neno "Maya" kwenye simu yako saa hii, halafu uone utakachopata. Video ya kwanza: mji uliotoweka usiku mmoja. Ya pili: siri ambayo wanasayansi hawataki uijue. Ya tatu: viumbe kutoka sayari nyingine ndio waliojenga piramidi. Muziki wa kutisha nyuma, sauti nzito ya kompyuta inasoma, droni inapita juu ya msitu. Na watu wanaangalia, wanasambaza, wanaandika "aki dunia ina mambo" huko chini.

Mimi pia nakula kwa kazi ya video, kwa hivyo najua vizuri kwa nini zinatengenezwa hivyo. Lakini leo nataka niseme wazi. Huo ni uongo, na si ule uongo mdogo wa kuchekesha. Ni uongo unaowanyang'anya watu walio hai jina lao, kazi ya babu zao, na pesa zao. Mimi nimefika huko. Wamaya hawajapotea. Wako hapo kando ya barabara, wanauza machungwa.

Najua kuna wale watasema, huyu si ndiye aliyeacha chuo mwaka wa pili, sasa anatufundisha historia na digrii gani? Sawa. Karo ilinishinda, na wale mmenifuata kutoka mwanzo mnalijua hilo. Lakini hakuna mahali imeandikwa ukitoka kwa lango la chuo lazima uache akili zako kwa askari. Mambo nitakayoyasema hapa hayahitaji digrii. Yanahitaji macho, na uvumilivu wa kusoma kurasa kadhaa.

Wacha niwapeleke basi.

Mérida ndio mji mkuu wa jimbo la Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko. Nilikuwa huko wiki moja kwa kazi ya watu, na kukapatikana siku mbili za bure. Tukakodi gari ndogo, watu watatu: mimi, jamaa wa kamera tuliyetoka naye Nairobi, na dada mmoja wa Mérida aliyejitolea kuendesha, maana sisi tumezoea kuendesha kushoto na huko ni kulia. Kila mtu alituambia twende Chichén Itzá, ile piramidi ya kwenye postikadi. Dada akasema hapana, mkitaka kuelewa kitu twendeni kusini, kwenye vilima vya Puuc. Tukamsikiliza.

Kutoka Mérida hadi Uxmal ni kilomita kama 80. Barabara imenyooka, msitu mfupi mfupi pande zote mbili, joto la Mombasa mwezi wa pili. Kila kijiji kina matuta, na matuta yao si mchezo, ukizubaa gari inabaki huko. Na kama kwetu tu, penye tuta pana mama na beseni lake: machungwa yaliyomenywa, karanga, maji baridi. Ukifumba macho ungedhani uko Mtito Andei, tofauti ni lugha. Na lugha yenyewe, mara nyingi, si Kihispania. Ni Kimaya.

Hapo ndipo simulizi ya "watu waliopotea" inaanza kuanguka, hata kabla hujafika kwenye jiwe la kwanza. Sensa ya Meksiko ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya 770,000 wanaozungumza Kimaya cha Yucatán. Hiyo ni lugha moja tu. Ukoo mzima wa lugha za Kimaya una lugha kama 30, kutoka Meksiko hadi Guatemala na Belize, na wasemaji wake ni mamilioni. Watu wa aina gani hao waliopotea, na wanapiga simu, wanalipa kodi ya nyumba, na wanagombana kuhusu mpira?

Dada alitufundisha salamu yao. Unasema "Bix a beel?" Tunaweza kuitafsiri "habari yako," lakini maneno yenyewe yanasema: barabara yako ikoje? Unajibiwa "ma'alob", yaani nzuri. Nimeipenda hiyo salamu kuliko kitu chochote nilichonunua sokoni. Watu wanaouliza hali ya barabara yako ni watu waliotembea, na kweli walitembea: kati ya Uxmal na Kabah kuna njia ya kale ya mawe iliyoinuliwa na kupakwa chokaa, kama kilomita 18. Wanaiita sacbé, barabara nyeupe. Neno ni lilelile. Lugha iliyojenga hiyo njia ndiyo iliyonisalimia kwenye tuta.

Sasa, Uxmal. Ukiingia tu unakutana na piramidi ya urefu wa kama mita 35, na pembe zake si kali, zimeviringwa. Hadithi ya wenyeji inasema kibeti aliyeanguliwa kutoka kwenye yai aliijenga kwa usiku mmoja. Tamu sana hiyo, na ni yao, wana haki nayo. Waakiolojia nao wakachimba wakaona ilijengwa kwa awamu tano, hekalu juu ya hekalu, vizazi kwa vizazi. Mtu wa video ya siri atachukua "usiku mmoja", aache awamu tano. Kwangu mimi ajabu iko kwenye hizo tano. Usiku mmoja hauna jasho ndani yake.

Halafu angalia maji. Sehemu kubwa ya Yucatán ina visima vya asili, mashimo ya mwamba yenye maji, yanaitwa cenote. Vilima vya Puuc havina. Hakuna mto, hakuna ziwa. Sasa mji wa maelfu ya watu uliishi vipi? Walichimba matangi chini ya nyua zao, wakayapaka chokaa ndani, wakaacha mdomo mdogo juu, na ua mzima ukainamishwa ili mvua iteremke humo. Wanayaita chultún. Mtu wa Lamu akiona atasema hiyo ni jabia tu, na hatakuwa mbali na ukweli. Ndiyo sababu kila ukuta unaougeukia una uso wa Chaac, mungu wa mvua, pua ndefu kama ndoano. Kabah kuna jengo moja ambalo uso wake wote ni Chaac juu ya Chaac, zaidi ya 200. Mwanzoni unadhani ni urembo. Ukishajua habari ya maji, unaona ni maombi.

Na maombi yana sababu. Mawe yanayokua ndani ya mapango ya Yucatán kwa matone ya maji yamehifadhi rekodi ya mvua za zamani, na yanaonyesha ukame mkali uliorudi tena na tena katika karne ya 9 na ya 10. Ongeza vita kati ya miji. Jabia zikikauka mwaka wa kwanza unavumilia. Mwaka wa tatu unafunga virago. Watu wakahama, miji ikabaki tupu polepole. Hawakuyeyuka hewani. Mtu yeyote kutoka Turkana au Marsabit anaielewa hii bila kuelezewa. Mifugo ikiisha unaondoka, na hakuna anayekuja na droni kusema wewe umetoweka kwa siri.

Lakini kitu kilichonimaliza kabisa ni nyumba.

Labná kuna lango la mawe, tao zuri ajabu, na juu yake, kila upande wa mlango, wamechonga nyumba ndogo. Nyumba ya mwananchi wa kawaida, yenye paa la nyasi. Mafundi waliokuwa wakijenga jumba la wakubwa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita waliamua kuchonga nyumba ya kina mama zao. Mzee aliyekuwa akitutembeza, Mmaya wa kijiji cha karibu, akatuuliza kama tumeiona nyumba hiyo. Tukasema ndiyo, hii hapa ukutani. Akasema hapana, mmeipita asubuhi mkija. Na kweli. Tuliporudi barabarani tukaanza kuziona kila kijiji: ncha za mviringo, kuta za fito na udongo, paa la majani ya mnanasi-pori... hapana, dada akanisahihisha, ni majani ya mchikichi wa huko. Ukubwa uleule, umbo lilelile. Nyingine ina sahani ya televisheni imefungwa kando. Ndani kuna hamoki, na nje kuna mtoto anaendesha baiskeli.

Niambie wewe: ni siri gani hapo? Jibu la "nani alijenga" limekaa mlangoni linamenya machungwa.

Yule mzee nilimuuliza kama zile video humkasirisha. Akacheka. Akasema wageni wengi huja wakitaka kusikia habari za mwisho wa dunia wa 2012, basi yeye huwapa 2012 kidogo ili watulie, kisha huwapeleka kwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne mwaka huo, na nakumbuka tulivyotishwa na 21 Desemba 2012, watoto wengine wakala akiba yao yote ya Krismasi. Kumbe tarehe ile ilikuwa tu mwisho wa mzunguko mmoja mrefu wa kalenda, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Ni kama mita ya gari ikifika 99999 irudi sufuri. Na hata hiyo sufuri, Wamaya walikuwa nayo, na alama yake ya kuiandika, wakati sehemu kubwa ya Ulaya haijaijua.

Siku ya pili tukapita Oxkutzcab, mji wa machungwa, soko limejaa hadi barabarani. Halafu tukafika Maní. Na hapa naomba usome polepole.

Maní ni mji mdogo mtulivu, una kanisa kubwa la watawa la karne ya 16. Tarehe 12 Julai 1562, mtawa Mhispania anayeitwa Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe hapo, pamoja na sanamu zao. Vitabu, wasee. Vilivyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya magamba ya mti, vyenye nyota, kalenda, dini. Leo dunia nzima imebaki na vinne tu vinavyojulikana. Vitatu viko Ulaya, vinaitwa kwa majina ya miji ya huko: Dresden, Paris, Madrid. Kimoja tu kiko Meksiko.

Kwa hivyo unaposikia sauti nzito ikisema "hakuna ajuaye kwa nini maarifa yao yalipotea", jua kwamba inajulikana. Tarehe inajulikana. Jina la mtu linajulikana. Mji unajulikana, una uwanja na watoto wanaocheza hapo. Neno "siri" linamfichia Landa kazi yake. Hii ndiyo hoja yangu kuu leo, na hata ukisahau mengine yote, ibebe hii: mara nyingi mahali tunapoambiwa pana siri, pana mhalifu. Ukisema "walitoweka", hakuna anayeulizwa maswali. Ukisema "walichomewa vitabu", lazima mtu atajwe.

Na cha kushangaza, huyo huyo Landa aliandika maelezo kuhusu Wamaya, akaweka na kile alichodhani ni alfabeti yao. Miaka karibu 400 baadaye, mwaka 1952, Mrusi anayeitwa Yuri Knorozov, akiwa Leningrad, alitumia maelezo hayo kuonyesha kwamba zile alama zinasomwa kwa sauti, silabi kwa silabi. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff akaonyesha kwamba maandishi ya kwenye mawe ni historia: wafalme wamezaliwa, wametawazwa, wamepigana, wamekufa. Leo maandishi mengi yanasomeka. Tunamjua hata mfalme aliyetawala Uxmal karibu mwaka 900, anaitwa Chan Chak K'ak'nal Ajaw. Ana jina! Halafu mtu anaketi kwa chumba chake, anafungua maikrofoni, anasema "wajenzi wasiojulikana".

Kuna wale mtasema nimefanya kitu kidogo kuwa kikubwa. Ni burudani tu, acha watu wafurahie. Nawajibu hivi.

Kwanza, angalia nani huambiwa hivi. Sijawahi kuona video inayouliza kama Wagiriki walisaidiwa na wageni wa angani kujenga mahekalu yao, au inayosema makanisa makubwa ya Ufaransa ni siri isiyoelezeka. Wanaoulizwa ni Wamisri, Wamaya, na watu wa Zimbabwe. Mwaka 1968 Erich von Däniken alitoa kitabu akidai kwamba mchoro kwenye kifuniko cha jeneza la mfalme Pakal wa Palenque ni rubani wa chombo cha angani. Kumbe ni mfalme aliyekufa mwaka 683, na jina lake limeandikwa. Great Zimbabwe nayo, wakoloni walihangaika miaka na miaka wakitafuta Wafoinike na Malkia wa Sheba, yeyote tu, mradi asiwe Mshona. Serikali ya Rhodesia ilifikia hatua ya kubana watafiti waliosema ukweli. Kwa nini? Kwa sababu ukikubali kwamba babu za hawa ndio waliojenga, itabidi ujieleze kwa nini umekalia ardhi yao.

Pili, ardhi yenyewe. Chichén Itzá, hiyo ya postikadi, ardhi iliyo chini ya mawe ilikuwa mali ya watu binafsi hadi 2010, jimbo la Yucatán lilipoinunua. Kabla ya hapo, mwaka 1894, Mmarekani Edward Thompson alinunua shamba lote lenye magofu, akachota kutoka kwenye kisima kitakatifu dhahabu na jade na mifupa, na vitu vingi vikapelekwa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu akishaaminishwa kwamba kitu hakina mwenyewe, anakichukua bila aibu. "Watu waliopotea" ni kama kibao cha "shamba halina mwenyewe". Sisi Wakenya tunajua vibao vya namna hiyo na vinavyotumika.

Tatu, watu wenyewe walipigana. Wahispania waliianzisha Mérida mwaka 1542 juu ya mji wa Wamaya, lakini mji wa mwisho huru wa Wamaya, Nojpetén huko Guatemala, haukuanguka hadi 1697. Mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán waliinuka dhidi ya mabwana wa mashamba, na jeshi la Meksiko lilichukua hadi 1901 kuuteka mji wao mkuu. Zaidi ya miaka 50. Maiti haiendi vitani miaka 50.

Sasa niongee na wenzangu wa kamera, maana hapa ndipo pananiuma.

Niliporudi, ukurasa mmoja mkubwa, siutaji, uliniandikia. Walipenda picha zangu, wakasema watazinunua kwa shilingi 20,000 kwa sharti moja: niweke wageni wa angani kwa kichwa, na nyumba niitoe kwa sababu "inapunguza maajabu". Elfu ishirini kwangu ni kodi ya miezi miwili. Niliwaambia hapana. Siwaambii hivi ili mnipigie makofi; hapana haikulipa kodi, na landilodi hakutaka kusikia habari za Labná. Nawaambia ili mjue bei yake. Uongo huu una soko, una mnunuzi, na anayekataa hulipia mfukoni mwake. Kwa hivyo simlaumu kijana anayekubali akiwa na njaa. Nawalaumu wale walioshiba tayari na bado wanaagiza.

Niliitoa mwenyewe, na nyumba ikiwemo. Jiwe la Labná upande mmoja, mama na mlango wake upande wa pili, na sauti ya mzee akisalimia. Haikulipuka. Lakini wengi walioifungua walibaki hadi mwisho, na mmoja kutoka Kilifi akaandika kwamba nyumba ya nyanyake ni hiyohiyo, fito na udongo na makuti. Hapo nikajua watu hawahitaji kudanganywa ili washangae. Wanahitaji kuonyeshwa vizuri. Hiyo ni kazi ngumu zaidi, ndiyo maana wengi tunaikwepa.

Na uhusiano wetu na huko uko karibu kuliko mnavyofikiri. Jana jioni umekula nini? Kama ni ugali au githeri, shukuru wakulima wa Meksiko ya kale. Mahindi yalianza kulimwa kusini-magharibi mwa nchi hiyo miaka kama 9,000 iliyopita, kutoka kwenye nyasi ya porini, watu wakichagua mbegu msimu baada ya msimu. Wamaya wakayafanya uti wa mgongo wa maisha yao; simulizi ya Wamaya wa K'iche' inasema binadamu aliumbwa kwa unga wa mahindi. Kwetu yalifika baada ya Wareno kuvuka bahari. Huko Maní nilikaa mezani nikakula tortila moto, na mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, na nikafikiria mathe wangu akisonga ugali Kayole. Teknolojia tunayoitumia kila siku, iliyotoka kwao, hatuiiti siri. Tunaiita chakula.

Halafu tuangalie nyumbani. Gede iko pale karibu na Watamu. Mji wa mawe ya matumbawe, msikiti, jumba, visima virefu, kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399, na vipande vya kauri kutoka China. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Na video zetu zinasemaje? "Mji wa majini." "Mji uliotoweka Kenya." Wazee wa pale wana imani zao kuhusu mahali hapo, na hizo naziheshimu, ni zao. Ninachozungumzia ni sisi tunaotoka Nairobi na droni ya kukodi, tunapiga picha dakika 40, hatuongei na mtu hata mmoja, halafu tunatangaza kwamba hakuna anayejua. Kwa miaka mingi miji ya Pwani iliandikwa kama kazi ya wageni kutoka ng'ambo, Mswahili akawekwa pembeni kwenye historia yake mwenyewe. Na sisi tunaendeleza, bila hata kulipwa vizuri.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne, na ninataka mnishike nayo hata mimi.

Moja, kabla ya kusema watu fulani walipotea, tafuta wajukuu wao. Ni dakika tano za kutafuta. Ukiwapata, neno "walipotea" ulifute.

Mbili, lipa mtu wa hapo akuongoze. Uxmal mgeni analipa tiketi mbili, ya jimbo na ya serikali kuu, na hakuna kati ya hizo inayoingia moja kwa moja mfukoni mwa yule mzee. Pesa unayompa mkononi ndiyo yake. Sisi watatu tulichanga, na hakuna shilingi niliyotumia vizuri zaidi safari nzima. Gede na Thimlich Ohinga ni vivyo hivyo: kuna watu wanaojua, na muda wao una bei.

Tatu, jifunze salamu. Tatu tu. Mtu akisikia lugha yake kutoka kwa mdomo wa mgeni, anakuambia mambo ambayo hayako kwenye kibao.

Nne, palipo na mhalifu usiseme siri. Kama vitabu vilichomwa, sema nani alivichoma. Kama vitu vilibebwa, sema vilipelekwa wapi. Kama ni ukame ulifukuza watu, sema ukame, maana nao unakuja kwetu na tutahitaji kujua wengine walifanya nini jabia zilipokauka.

Wale watakaosema hii itaua kazi yetu, nawaelewa. Lakini hebu fikiria miaka 500 kutoka leo, mtu fulani na kamera yake amesimama mbele ya kibanda kilichobomoka Kayole, anasema kwa sauti nzito kwamba hapa waliishi watu wa ajabu, hakuna ajuaye walikuwa nani wala walikokwenda. Na mjukuu wako wa kumi na tano amesimama nyuma yake, ameshika beseni la machungwa, anasubiri amalize ili amuulize kama atanunua.

Mimi ningetaka mtu huyo ageuke.